Amri Zilizopotea Njiani

Espérance, ambaye sasa anakalia kiti changu, aliniomba niandike niliyoyaona kazini kabla sijayasahau. Nilimjibu kwamba kuyasahau ndiko ninakokutamani. Alicheka, akaniletea daftari jipya na kalamu mbili. "Mama Bahati, andika tu," akasema. "Siye tutasoma."

Basi ninaandika. Mgongo unauma, macho yamechoka kwa kutazama skrini, na maharage yangu hapa nyumbani yanangoja palizi. Lakini kuna mambo ambayo hamtayakuta katika karatasi yoyote ya ofisi, na mimi ndiye niliyeyafanya, kwa hiyo ni haki myasikie kutoka kwangu. Habari za vyeo nitaziruka. Nilipewa viwili, na vyote viliniongezea mikutano.

Siku yangu ya kwanza katika ofisi ya Kitshanga nilivaa viatu vya dada yangu, na matope ya barabara ya soko yalinivua kimoja kabla sijafika mlangoni. Niliingia nikiwa na kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi. Kazi yenyewe ilikuwa kupiga kwa mashine orodha za watoto waliopotezana na wazazi wao wakati wa kukimbia vita: jina, umri, kijiji, nguo alizokuwa amevaa, nani anamtunza sasa. Ofisi ilikuwa ikiandikisha watoto wa kambi za Masisi na wa vijiji vya Walikale. Mashine ya kuchapa ilikuwa na herufi ya "a" iliyopinda mguu, na ninyi mnajua majina yetu. Bahati, Furaha, Zawadi. Orodha zangu zote zilionekana zinachechemea.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Papa Anselme, mtu wa Ntoto, fundi wa foni, ile redio tuliyokuwa tukiongea nayo na vituo vingine kabla simu hazijafika. Alikuwa mrefu, mkimya, na koti lake moja lilikuwa na mifuko mingi kuliko vitu alivyokuwa navyo. Kila ujumbe alioutuma alikuwa akiupa namba katika daftari, na hakuukata kwa mstari mpaka upande wa pili useme "bien reçu," yaani ujumbe umefika salama. Mawingu yakikata sauti katikati, alianza tena na namba ileile. Siku moja nilimwambia nafikiri wamesikia.

"Unafikiri?" aliniuliza. "Nani alikuomba ufikiri? Balijibu ao habakujibu?"

Akarudia ujumbe wote.

Kompyuta kubwa ilipokuja, ile ya kuhifadhi orodha yote mahali pamoja, ililetwa kwa pikapu kutoka Goma ikiwa imefungwa ndani ya magodoro mawili. Magodoro yalipata wenyewe siku hiyohiyo. Kompyuta haikupata mtu. Papa Léonard, mkubwa wetu wa ofisi, alizunguka meza zote akiuliza nani ataishughulikia, na kila mtu akainama kutafuta kitu chini ya meza. Mimi nilikuwa nimeinama kweli, kalamu yangu imeanguka, na nilipoinuka tulitazamana. Hivyo ndivyo nilivyoingia katika informatique, kazi ya kompyuta. Papa Anselme alipewa nyaya na umeme, mimi nikapewa yaliyobaki.

Yaliyobaki yalikuwa haya. Mfumo wa ile kompyuta uliitambua diski, lakini kadi iliyoiunganisha diski na mashine ilikuwa ya aina isiyojulikana vizuri, na mfumo ulikuwa unaiendesha kwa pilote ya jumla. Pilote, kwa ninyi mnaoanza leo, ni programu ndogo inayokaa kati ya mfumo na diski. Mfumo unasema: soma hapa, andika pale. Pilote inachukua kila amri, inaikabidhi diski, inangoja jibu, kisha inamwambia aliyeomba: tayari. Ile ya jumla ilikuwa inatuma amri moja, inakaa inangoja, ndipo itume nyingine. Maajenti watano, waandikishaji wetu, wakiandika na mama mmoja akitafuta mtoto wake, kila mtu alikuwa anamngoja kila mtu. Kutafuta jina moja kulichukua muda wa kuchemsha chai. Papa mmoja aliyekuja kutoka Kirotshe, amesafiri siku nzima kumtafuta mpwa wake, aliniuliza kwa upole kama ile mashine iko inasali kwanza kabla ya kujibu.

Diski yenyewe haikuwa mvivu. Katika kitabu cha ile kadi, kurasa za Kiingereza zilizochapwa kwa wino unaofifia, ilikuwa imeandikwa kwamba diski inaweza kupokea amri thelathini na mbili kwa mara moja. Unaipa zote, kila moja na namba yake, nayo inachagua yenyewe ianze na ipi kulingana na mahali kichwa chake kilipo, kisha inajibu: namba tano tayari, namba kumi na tisa tayari, namba mbili tayari. Kazi ya pilote ni kushika jedwali la zile namba na kujua kila moja ni ya nani. Niliamua kuandika pilote ya namna hiyo. Sikujua hata nusu ya ninachokisema.

Ilinichukua zaidi ya mwaka. Asubuhi nilikuwa napiga orodha, mchana nasoma na kamusi pembeni. Mtandao ulipofika niliuliza watu wa mbali nisiowajua, na wengine walinijibu vizuri, na wengine waliniambia niache kazi hii. Niliizimisha ile mashine mara nyingi mpaka maajenti wakajifunza kuhifadhi kazi yao kila waliponiona nasimama. Ilipokubali, jina lilipatikana kabla mama hajamaliza kulitamka vizuri. Wakaanza kuniita Mama Diski. Nilijifanya sipendi.

Kasoro ya kwanza ilijitokeza Ijumaa, siku tuliyokuwa tunanakili orodha nzima kwenye diski ya pili. Programu ya kunakili ilijaza nafasi zote thelathini na mbili peke yake, na kila nafasi ilipofunguka iliiwahi tena, na amri ndogo ya mtu anayetafuta mtoto ilibaki nje. Nilitenga nafasi nane ambazo kunakili hakuruhusiwi kuzigusa. Mpaka leo zipo. Mtu akiwaambia mashine itaenda haraka zaidi mkizifungua zote, mwambieni ni kweli, kisha msizifungue.

Kasoro ya pili ndiyo sababu ya kuandika haya yote.

Umeme wetu ulikuwa wa paneli za jua na batri, na gurupe ya mazutu, jenereta ya dizeli, kwa siku za mvua. Kila onduleri, kile kifaa cha kubadili umeme, ilipohama kutoka chanzo kimoja kwenda kingine, umeme ulikuwa unashuka kwa nukta moja, na diski ilikuwa inashtuka na kuanza upya. Ikianza upya inasahau amri zote ilizokuwa imepewa na haijazifanya. Pilote inapaswa kulijua hilo: itazame jedwali lake, ichukue kila amri isiyo na jibu, iirudishe kwenye foleni na kuituma tena. Yangu mwanzoni haikujua. Amri zilibaki zinangoja jibu ambalo halitakuja kamwe, na programu zote zikaganda nazo.

Siku hiyo mashine iliganda mara tatu kabla ya saa sita mchana. Ukumbi ulikuwa umejaa watu kutoka kambi, wengine wamekaa chini. Papa Léonard alikuja akasimama nyuma yangu. "Mama Bahati, batu bananiangalia," alisema. "Fanya kitu."

Nikafanya kitu. Kurudisha amri kwenye foleni kulihitaji kuandika upya sehemu kubwa, kazi ya wiki. Kuziachilia kulihitaji mstari mmoja. Niliandika: diski ikianza upya, amri zote zisizo na jibu zihesabiwe zimefanyika. Juu ya mstari huo nikaandika maneno mawili ya kujikumbusha: "ya muda." Mashine haikuganda tena. Watu walihudumiwa. Wiki iliyofuata kulikuwa na wakimbizi wapya, wiki ya pili yake nikaugua malaria, na ule mstari ukakaa.

Tena nilifanya jambo la pili, ambalo linaniuma kuliko la kwanza. Wakati huo tulikuwa bado tunajaza fishi za karatasi, fomu moja kwa kila mtoto, kabla ya kuandika katika mashine. Karatasi zilikuwa zinaoza kwa unyevu na kabati lilikuwa limejaa. Papa Léonard aliniuliza kama tunaweza kuziacha. Nilimwambia ndiyo, mashine inashika kila kitu. Toka hapo alichopata mtoto ni kipande cha karatasi chenye namba, kilichochanwa kutoka katika karne, kile kitabu cha stakabadhi, na ofisini kulibaki kishina tu, chenye namba na tarehe. Jina lilikuwa katika diski peke yake.

Miaka miwili ilipita. Kisha akaja Mama Neema.

Alikuwa mkulima wa upande wa Ntoto. Walipokimbia usiku wa vita alipotezana na binti yake Neema, wa miaka minne, katika msururu wa watu. Yeye mawimbi ya watu yalimpeleka mpaka kando ya ziwa, na alikaa huko karibu mwaka mzima, mpaka alipokutana na jirani wa zamani aliyemwambia amemwona Neema kwa macho yake, amesimama katika foleni ya ofisi yetu pamoja na mama mmoja anayeuza maziwa. Mama Neema hakungoja chochote. Alikuja Kitshanga, sehemu kwa miguu, sehemu juu ya mzigo wa lori, akaingia ukumbini akiwa na hakika.

Tulitafuta jina. Halipo. Tukatafuta kwa kijiji, kwa umri, kwa jina la baba. Halipo.

"Haiko, Mama," ajenti wa mapokezi alimwambia.

"Iko. Balimwandika hapa."

"Mashini inasema haiko."

Alimtazama ajenti, kisha akaitazama skrini, kwa upande wake wa nyuma ambako kuna nyaya tu. "Basi mashini njo inasema uongo," akasema, "juu jirani yangu hakunidanganya."

Hakuondoka. Alirudi kesho yake na siku iliyofuata, akikaa ukumbini, na kila ajenti aliyepita mbele yake alipunguza sauti. Papa Léonard alitazama vishina vya karne za siku ambazo jirani alitaja, na akakuta namba moja imetolewa lakini katika mashine haimo. Akaendelea kutazama, akakuta nyingine, na nyingine. Nyingi zilikuwa za ajenti mmoja, Shukuru, aliyekuwa na zamu ya alasiri. Aliitwa mbele yetu sote.

"Unatoa namba bila kuandika batoto," Papa Léonard alimwambia. "Unawapa batu karatasi waende, halafu unafunga mapema."

"Niliandika, Chef. Bote."

"Wako wapi?"

Shukuru aliambiwa abaki nyumbani mpaka jambo lake liamuliwe. Wenzake wakaanza kukumbuka makosa yake mengine, kama watu wanavyofanya. Alipopita mlangoni alinishika mkono. "Mama Bahati, ile ya Neema kesho yake niliiona tena kwa ecran ya mashini. Niliona na macho yangu. Alikuwa amevunjika meno mbili ya mbele, niliandika hata hiyo."

Nilimwambia atulize moyo. Niliporudi kwenye kiti ndipo maneno yake yalipoingia. Kesho yake aliliona. Jina lililoonekana kesho yake na halionekani baada ya mashine kuzimwa na kuwashwa ni jina lililokuwa katika kumbukumbu ya mashine, ile inayofutika ikizimwa, na halikuwahi kufika kwenye diski. Mfumo uliambiwa limeandikwa, ukaamini. Nani aliuambia? Kati ya mfumo na diski kuna mmoja tu anayesema "tayari," na aliyemwandika ni mimi. Na zamu ya Shukuru ndiyo iliyokuwa saa za mvua, onduleri inapohama.

Nilimtumia Papa Anselme ujumbe. Alikuwa amestaafu na anaishi na mwanawe karibu na soko, anatembea na fimbo. Alikuja na koti lilelile. Tulichukua diski isiyotumika, nikaandika programu ya kuandika namba mfululizo, moja, mbili, tatu, na kila namba ikipata jibu la "tayari" inachapwa kwenye karatasi. Papa Anselme alikaa karibu na onduleri na kuihamisha nilipompa ishara. Kisha tulizima mashine, tukaiwasha, tukasoma kilichomo.

Kila mara kulikuwa na mashimo. Safari moja kumi na moja, safari nyingine ishirini na sita, nyingine thelathini na mbili. Tulirudia mpaka mchana ukaisha, na mashimo hayakuzidi thelathini na mbili hata mara moja. Sikuhitaji ushahidi mwingine. Hiyo ndiyo hesabu ya nafasi katika foleni yangu. Nilifungua msimbo, nikaufikia ule mstari. Maneno yale mawili, "ya muda," bado yalikuwa juu yake.

Papa Anselme aliomba nimweleze, nikamweleza kwa maneno ya foni: redio imekatika, na mimi nimekata kwa mstari ujumbe wote ambao haujajibiwa.

Nilitumaini ataniambia ni kosa la kawaida, kila fundi analo lake. "Hiyo weye ulijua," alisema mwishoni. "Nilikufundisha." Akachukua fimbo yake, lakini hakwenda. Alikaa kwenye benchi mpaka nilipomaliza kulia, kisha akauliza tutaanzia wapi.

Asubuhi nilikwenda kwa Papa Léonard kabla hajavua kofia.

"Shukuru hana kosa," nilimwambia. "Niko mimi mwenye kosa." Nikamweleza. Alinikatiza mara moja tu, kuuliza kama batri mbaya haziwezi kulaumiwa.

"Batri zilikatika, ndiyo. Lakini aliyesema majina yameandikwa ni programu yangu. Na aliyekuambia uache karatasi ni mimi."

"Unajua nitaandika nini katika ripoti?"

"Andika vile iko."

Aliandika vile iko. Shukuru aliitwa arudi, na Papa Léonard alimwomba radhi mbele ya watu walewale, jambo ambalo namheshimia mpaka leo. Mimi pia nilimwomba. Alinisikiliza, akanipa mkono, akarudi mezani kwake. Tulifanya kazi pamoja miaka mingine mingi, vizuri, lakini ile mizaha aliyokuwa ananitania nayo asubuhi haikurudi, na sikuidai.

Kurekebisha pilote kulichukua siku tisa. Diski ikianza upya, sasa kila amri isiyo na jibu inarudi kwenye foleni na namba yake, na ikishindikana mara tatu, mfumo unaambiwa imeshindikana, na ajenti anaona maandishi mekundu na anaandika upya. Watu watalalamika kwamba maandishi mekundu yanawachelewesha. Waacheni walalamike. Fishi za karatasi nazo zilirudi.

Lakini vishina vilionyesha namba kumi na tisa zisizo na mtoto. Mahali fulani katika milima hii kulikuwa na watu kumi na tisa wanaotunza mtoto wa mwenzao, wana karatasi ya ofisi, wanaamini wameandikishwa, wanangoja tuwaite.

Ya Neema ilikuwa rahisi kidogo, kwa sababu Shukuru alikuwa anakumbuka. Mama mwenye bidoni ya njano ya maziwa, alisema, anashuka kutoka malisho ya juu siku ya soko. Tulipanda kwa pikipiki mbili, Shukuru na Mama Neema kwenye moja, mimi kwenye nyingine, nyuma ya dereva, nikiwa nimefumba macho. Kwenye ua wa tatu tuliouliza, mwanamke wa makamo alitoka akifuta mikono. Alikuwa Mama Vestine. Shukuru alimtambua, naye akamtambua Shukuru.

"Sasa njo munakuja?" alisema. "Mwaka muzima ninangoja." Akaingia ndani, akaleta ile karatasi, imefungwa katika plastiki, imekaa safi kabisa. Nyuma ya sketi yake alisimama mtoto wa miaka mitano, ng'ombe wawili wakimnusa mgongoni bila yeye kujali.

Mama Neema alimwona. Hakukimbia. Alikaa chini palepale kwenye majani, kama mtu aliyetua mzigo, akaita jina moja la utani ambalo sisi hatukulijua. Mtoto alimtazama sana, kisha akaushika mkono wa Mama Vestine kwa mikono yake miwili.

"Nenda," Mama Vestine alimwambia. "Ule njo mama yako."

Mtoto alikataa kwa kichwa.

"Mumuache," Mama Neema alisema. "Mwaka moja iko mingi kwa mutoto. Nitangoja."

Na alingoja. Mama Vestine alimpa nafasi ya kulala upande wa jikoni. Karibu mwezi mmoja nilikuwa nawaona siku za soko wakishuka watatu, wale mama wawili na bidoni yao, mtoto akiwa upande wa Mama Vestine. Halafu siku moja alikuwa katikati. Halafu siku moja, mvua inanyesha, alikuwa mgongoni mwa mama yake, mkubwa mno kubebwa hivyo, miguu inaning'inia.

Siku hiyo waliingia ofisini kufunga fishi. Niliandika mimi mwenyewe: Neema, amepatikana, yuko na mama yake. Kabla hawajaondoka nilimwambia Mama Neema yaliyotokea. Nilimwambia kwamba jina la binti yake lilipotelea mikononi mwangu, na jinsi lilivyopotea. Sikujua atafanya nini. Nilikuwa tayari kwa matusi.

Aliuliza, "Sasa jina yake iko ndani?"

"Iko."

"Zima."

Sikuelewa. Alionyesha kidole ukutani, kwenye nyaya. "Zima, nione."

Nilipiga kelele maajenti waache kuandika, nikaenda, nikachomoa. Nikachomeka tena. Mashine ilichukua muda wake wa kuamka, na yeye alisimama mbele yangu muda wote huo, mtoto mgongoni, maji ya mvua yanamtiririka kwenye kanga. Nilitafuta jina, nikaigeuza skrini upande wake. Hakuwa anajua kusoma sana. Aliifuata mistari kwa kidole mpaka akapata N.

"Zima tena," alisema.

Nilizima tena. Ilipoamka na jina likatoka, aliitikia kwa kichwa mara moja, akamrekebisha mtoto mgongoni, akaondoka. Hakuniambia amenisamehe. Sikumwuliza.

Wale wengine tuliwatafuta kwa miaka. Tulisoma namba makanisani baada ya misa na ibada, tulizibandika sokoni, tulimtuma mtu mpaka Walikale-centre na kurudi. Wengine tuliwapata wamekua, mmoja alikuwa ameshafika kwao bila msaada wetu na alishangaa tunamtafuta. Pamoja na Neema, kumi na tatu tuliwapata. Sita hatukuwapata; namba zao niliziandika katika mashine bila majina. Barabara zilifungwa, kambi zilihamishwa, watu walikimbia tena na tena, na karatasi ndogo inaungua haraka. Ninapolala mchana, siku hizi nalala mchana kama mzee, ninazisema zile namba sita kwa mpangilio. Mume wangu anadhani ninasali.

Siku yangu ya mwisho kazini walileta soda na keki kutoka Goma. Baada ya hotuba Espérance alinivuta pembeni, ana kompyuta yake mkononi. Alikuwa anasafisha orodha ili aihamishie kwenye mashine mpya, yenye diski zisizo na kichwa wala kitu kinachozunguka, ambazo foleni yake inapokea maelfu ya amri. Alikuwa amekuta mistari sita yenye namba na hakuna jina.

"Mama Bahati, hizi ziko tupu. Nizifute?"

"Usizifute."

"Niwape batoto wapya hizo namba, ao?"

"Hapana. Ziache vile ziko."

Ni mtu wa mpangilio, Espérance, ndiyo maana nilimchagua. Niliona linamsumbua. "Mpaka lini?" aliuliza.

"Mpaka mwenye karatasi aje."

Alinitazama, kisha akarudi mezani, na nikamwona anazihamisha moja moja, kwa mkono, zile namba sita. Alipomaliza, alizima mashine mpya, akaiwasha, akazihesabu.